Dawa ya Kifua

Ha Sekoati, Mafeteng
Jumapili, 4 Oktoba 2015

Mdogo wangu Mosiuoa,

Sisi wazima. Mvua bado, mahindi hatujapanda, saruji imepanda bei tena, kwa hiyo habari za biashara usiniulize. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hupokewa na mkeo Puseletso, na mwanamke huyo ana masikio mpaka kwenye viganja. Dereva wa Jumamosi ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Nina swali moja tu. Zile chupa tatu nilizokupa alfajiri mlipompandisha mwanao Tefo mlimani, ulizitia mkononi mwa mwalimu wa jando au hukuzitia?

Nauliza kwa sababu ulipotoka kumbini hukupita kwangu. Ulikwenda moja kwa moja stendi ukapanda gari la Welkom, kama mtu aliyeiba kondoo. Mimi nimebaki na mlima. Nikiinua kichwa hapa ninapofyatua matofali naona moshi wao. Mwanamke hawezi kuvuka kile kijito, unajua mwenyewe. Akivuka atachapwa, na mtoto yeyote atakayeugua huko juu watasema ni nyayo zake. Basi natazama moshi, na moshi hauniambii kama mtoto amemeza.

Labda huko mgodini chini ya ardhi umesahau, ngoja nikukumbushe. Mwanao alizaliwa navyo. Tangu ana miaka minane, mwaka aliokufa mama yake, anameza kidonge kimoja kila usiku na mimi nimesimama pembeni. Virusi vimepungua mpaka mashine ya zahanati haivioni. Muuguzi anasema huko si kupona, ni ua la zizi. Liache wazi wiki mbili uone ng'ombe watakuwa wapi. Na mwanao hajui. Anajua ni dawa ya kifua, kwa sababu wewe ulisema, "Mwambie ni kifua, nitamwambia mwenyewe atakapokuwa mwanamume."

Safari hii nilipokwenda kuchukua dawa za miezi mitatu, muuguzi aliweka kalamu chini.

"Mama 'Malikeleli, mtoto ana miaka kumi na saba, anaota ndevu. Mnasubiri nini?"

Nikamwambia baba yake atamwambia siku akishuka jandoni.

"Na huko juu nani atamhimiza kumeza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao?"

Nikabeba chupa nikatoka bila kuaga. Mimi! Unanifahamu, kumwachia mtu neno la mwisho si desturi yangu.

Nijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana.

Dada yako,
'Malikeleli


Welkom
10 Oktoba 2015

Dada,

Barua nimeipata. Ulitaka neno moja, nakupa matatu: ziko mahali salama.

Mambo ya kumbini si ya wanawake. Unajua, ila ukishika jambo huachi, ndivyo ulivyojenga hata hicho kiwanda. Mtoto yuko na wenzake kumi na wanane, mwalimu Sekake ndiye aliyenifundisha hata mimi. Hakuna aliyekufa mikononi mwake.

Kwenye furushi kuna sukari, sabuni, na blanketi la Tefo la siku ya kushuka. Usilifungue, panya watalimaliza.

Na tafadhali, ule ugonjwa usiutaje kwenye karatasi. Madereva wanasoma.

Wako,
Mosiuoa


Ha Sekoati
25 Oktoba 2015

Mosiuoa,

Juzi 'Mathuso alikuja kuagiza matofali ya jiko. Mume wake ni msaidizi wa Sekake huko juu. Nikuandikie alivyosema, neno kwa neno, maana kila neno limenikaa kooni.

"Wewe mama," ananiambia, "wewe una raha. Mtoto wako hana shida."

"Shida ipi?"

"Hujasikia? Sekake amemtuma mume wangu aje nyumbani atafute sanduku lenye kufuli. La kuwekea chupa! Vijana watano wanameza vidonge. Baba zao walizipeleka kila mmoja kwa siri yake, wakakutana mlangoni kwa Sekake kama wezi wa ghala moja. Mmoja alizificha ndani ya mkate." Akacheka mpaka akashika toroli. "Nikamuuliza mume wangu, wa 'Malikeleli yumo? Majina hasemi, yule ni jiwe. Akasema huyo hana chupa, huyo ndiye anayewashinda wote mbio."

Alidhani ananipa furaha. Nikamwambia asante. Nikampunguzia na bei, nilivyochanganyikiwa.

Sasa nimeyarudia maneno yako matatu. Ziko mahali salama. Salama kwa nani, Mosiuoa? Nilikuuliza kama umezitia mkononi mwa mwalimu, ukanijibu mahali. Mimi huuza matofali. Mteja akiniuliza mangapi nikamjibu "yapo," huyo anajua hayapo.

Jana wametimiza wiki nne. Wiki nne huko juu, baridi, chakula cha kubahatisha, kidonda kibichi, na ua limeachwa wazi. Na yeye hawezi hata kuuliza dawa yake iko wapi, kwa sababu anadhani ni kifua, na kifua hakimuumi.

Ukimwi. Haya, nimeandika. Dereva akisoma na ashibe macho.

Chupa ziko wapi?

'Malikeleli


Welkom
31 Oktoba 2015

Dada,

Ziko kwenye kabati langu la mgodini. Zote tatu. Sijazifungua.

Nilifika nazo mpaka kwa Sekake. Zilikuwa ndani ya koti. Baba wote walikuwa wamesimama pale, Ramoholi, na yule mwenye duka, na wale ndugu wawili wa Ha Mothae, wanataniana, kila mtu anamsifu mwanawe. Ramoholi akanigonga kifuani, "We Mosiuoa, koti hili linalia kama njuga, umebeba nini?" Zilikuwa zinalia kweli. Vidonge ndani ya plastiki, ukitembea tu vinapiga kelele. Nikasema ni karanga. Wakacheka. Baada ya kusema karanga ningezitoaje?

Wewe hujakaa kumbini. Huko kijana hupewa jina, na jina hilo halimtoki mpaka anazikwa. Wangemwita mtoto wa mgonjwa. Wangetunga wimbo. Akiwa na miaka sitini wazee wenzake watakuwa bado wanauimba. Na yeye mwenyewe hajui ana nini! Ningempa Sekake chupa, Sekake ampe mtoto, mtoto amwambie, "Mwalimu, hii ni ya kifua," na wenzake wanaomeza zilezile wamtazame. Angelijua kwa macho ya watu. Nilitaka alijue kwa mdomo wangu.

Nikasema moyoni, miezi mitatu si mingi. Ana nguvu. Akishuka ataendelea.

Najua utasema nini.

Mosiuoa


Ha Sekoati
4 Novemba 2015

Mosiuoa,

Hujui nitasema nini, kwa hiyo kaa chini.

Nimekwenda tena kwa muuguzi. Sikutaja jina, nikasema kuna mtu. Akanitazama kama anayetazama kuku aliyejificha nyuma ya fagio. Akasema huyo mtu akikaa bila dawa, virusi vinarudi, na vikirudi vinaweza kujifunza ile dawa mpaka isiwe na kazi. Hapo huyo mtu atahamishiwa dawa nyingine, na zikishindwa hizo, zilizobaki ni chache, na huyo mtu ana miaka kumi na saba. Akasema kila siku moja ina thamani, asingoje mwisho wa kitu chochote.

Ulitaka alijue kwa mdomo wako. Mdomo huo umeufunga miaka tisa. Kwanza alikuwa mdogo mno. Halafu ana mtihani. Halafu ngoja jando. Jando ndilo lililomwondoa machoni pangu! Umemtuma akajifunze kuwa mwanamume, na kitu kimoja ambacho mwanamume huyo anahitaji kukijua umekifungia kwenye kabati la mgodi.

Na la pili, kwa kuwa tunaandikiana ukweli. Nilimzika wifi yangu. Nilimwosha mimi, alikuwa mwepesi kama mfuko wa saruji mtupu. Wewe ulikuja na suti, ukazika, ukarudi kazini siku ya tatu, na mpaka leo hujawahi kutia kidole chako kwenye sindano ujue una nini. Mtoto aliupata kwa mama, mama aliupata wapi? Unaogopa mtoto aitwe jina. Waogopa wewe kuitwa.

Sikiliza utaratibu. Jumamosi ya tarehe 14 uwe kwa Sekake na chupa hizo. Omba ruhusa, sema msiba, sema mimi nimekufa, sijali. Ukiwa hujafika, Jumapili asubuhi mimi navuka kijito. Nimeshakwenda kwa muuguzi kuomba chupa nyingine na nimeshamwambia 'Mathuso awalishe kuku wangu. Watanichapa, nichapwe. Waseme mkosi, waseme. Nitasimama chini ya kumbi, na sauti yangu unaijua, nitaita jina la mtoto na jina la dawa, na wote kumi na tisa watasikia.

Chagua ni mdomo upi utautangaza.

'Malikeleli


Welkom
18 Novemba 2015

Dada,

Nilikwenda. Najua ulikuwa unatazama njia, nilikuona kwa mbali umesimama juu ya lundo la kokoto na mkono kwenye paji la uso. Sikupita kwako kurudi kwa sababu zamu yangu ilikuwa Jumapili usiku, na kwa sababu nyingine utakayoisoma.

Sekake alinikuta njiani, hajanipokea hata salamu.

"Umechelewa."

"Nimechelewa nini?"

"Chupa. Nakungoja tangu wiki ya kwanza."

Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Mama yake tulimzika wote. Mimi sikusoma, lakini si mpumbavu."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Mtoto ana baba. Ningeuliza mimi ningekuwa nimetangaza." Akatazama koti langu. "Ninyi wanaume wa migodini mnabeba jiwe la maili nzima vichwani, chupa ya plastiki inawashinda. Karanga! Ramoholi mpaka leo anauliza zile karanga ziliishia wapi."

Ukaona, Dada. Yeye alikuwa anangoja mimi, mimi nangoja mtoto akue, wewe unaningoja mimi. Na mtoto anakimbia mbio huko bila kitu.

Halafu nikamwambia Sekake kwamba na mimi nameza.

Soma hapo tena, najua umerudia. Nameza. Nilipimwa mgodini mwezi uleule tuliomzika mke wangu 'Matefo. Nilikuja msibani na kidonge changu cha kwanza mfukoni mwa ile suti unayonisimanga nayo. Yeye alikuwa ndani ya sanduku na hakuwahi kupata hata kimoja. Ulinisimamia mlangoni mbele ya watu ukaniambia nimemuua. Ningekuambia nini? Kwamba mimi dawa nimepewa? Nikarudi kazini siku ya tatu kwa sababu nyumbani hapakuwa na mahali pa kuzificha. Nameza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimegeukia ukutani, miaka tisa. Puseletso hajui. Yeye anadhani nachelewa kwa sababu naoga sana.

Mtoto waliniletea nyuma ya miamba. Mengine ya kule siandiki. Amekonda lakini amenyooka. Alifurahi kuniona, Dada, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Akasema, "Baba, mwambie Shangazi kifua kimepona! Sijameza kitu tangu nipande na sijakohoa hata mara moja."

Nikamwambia. Sikumbuki nilianzaje. Nilimwambia ya kwake, nikamwambia ya mama yake, nikamwambia ya kwangu. Alikuwa anatazama mbuzi wa watu upande wa pili wa bonde. Nilipomaliza akauliza, "Shangazi anajua?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu mwanzo.

Nikampa kidonge akameza bila maji. Na mimi nikatoa changu nikameza mbele yake. Changu ni cha usiku na ulikuwa mchana wa jua kali, usimwambie muuguzi. Chupa ziko kwenye sanduku la Sekake. Kwa mikono yangu. Ndiyo.

Mosiuoa


Welkom
10 Januari 2016

Shangazi,

Nimesikia unaulizia kila dereva kwa nini nilishuka mlimani na sikuja kwako.

Nilikuona. Ulikuwa mstari wa mbele na kitambaa cha njano, ukipiga vigelegele kuliko wanawake wote. Tulisimama tumepakwa udongo mwekundu, mmoja mmoja tukasema majigambo yetu. Yangu nilikuwa nimeyatunga tangu wiki ya pili. Kulikuwa na sehemu inayokutaja wewe, mistari minne, mwanamke wa matofali aliyenifyatua kwa mkono. Sekake alisema ndiyo nzuri kuliko zote. Siku ile nilipoifikia niliiruka. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Jioni nikapanda gari na Baba.

Nina hesabu, na wewe unajua hesabu. Kila usiku ulisimama pembeni ukaniambia, "Meza, kifua kisirudi." Usiku mmoja, uongo mmoja. Miaka tisa. Nimejaribu mwenyewe, nimefika elfu tatu na mia mbili themanini na tano. Nihakikishie kama nimekosea.

Baba namwelewa kidogo. Yeye ni mwoga, kasema mwenyewe. Wewe huogopi kitu. Ulimfukuza ofisa wa kodi kwa koleo, nilikuwepo. Sasa kwangu ulikuwa unaogopa nini?

Na kuna jambo jingine, sijamwambia mtu. Kabla Baba hajaja nilikuwa nawacheka wale watano. Jioni Sekake akifungua sanduku, nilikuwa napiga njuga kwa mdomo, chaka chaka chaka. Mmoja wao, Lebaka, nilimpa jina, Mzee wa Chupa. Wimbo ni wangu mimi, Shangazi. Wanauimba mpaka sasa. Siku niliyokwenda kupanga foleni ya sanduku, wa sita, Lebaka akasogea akanipisha mbele yake. Heri angenipiga.

Wamenipima hapa. Vipo. Daktari anasema si vingi sana, lakini vipo, na karatasi ya zahanati ya huko ya mwaka jana inasema havikuonekana. Watapima tena Aprili. Visiposhuka wananibadilishia dawa, na amesema nisifikirie kwamba zipo nyingi za kubadilisha.

Nameza. Sikumezei wewe.

Majibu ya Aprili nitakuambia nikitaka.

Tefo
(jina langu la jandoni ni Lehana)


Ha Sekoati
17 Januari 2016

Lehana, mwanangu,

Nakuita jina lako jipya kwa kuwa umelipata kwa shida.

Umekosea siku mbili. Kulikuwa na Februari mbili ndefu hapo katikati, elfu tatu na mia mbili themanini na saba.

Uliuliza niliogopa nini. Niliogopa usiku mmoja. Niliogopa usiku ambao ungejua, ukasema sitaki, ukakitema. Nimeona watu wazima wanakitema. Mama yako alianza kuugua tukamwambia aende akapimwe, akasema hapana, mama mkwe atajua, na hakwenda. Wewe ulikuwa unameza dawa ya kifua bila kelele, ukafungua mdomo nikaona, ukaenda kulala. Nilisema kinachofanya kazi usikiguse. Ndivyo ninavyofanya na kalibu zangu. Lakini wewe si tofali, na muuguzi aliniambia, na nilimsikia, na sikufanya. Kosa langu kwako ni hilo. Usiniongezee la baba yako, lake alibebe.

Sitakuomba uje. Ndani ya bahasha kuna barua ya uhamisho ya zahanati, mpe daktari wako wa huko, bila hiyo watakuzungusha. Chini yake nimeandika tarehe zote ulizopimwa damu.

Ya Lebaka siwezi kukusaidia. Yuko hapa kijijini, anachunga ng'ombe wa Ramoholi.

Sasa niambie kitu kimoja, na hiki nakuuliza kwa ajili ya Aprili. Katika nyumba ile unamezea wapi? Kwa Puseletso asiyejua kitu? Baba yako aliweza kugeukia ukuta miaka tisa kwa sababu mgodi una ukuta. Nyumba yenu ina vyumba viwili. Kidonge kinachohitaji kujificha kitakosa siku moja, kisha mbili. Si kwa sababu umesahau. Ni kwa sababu kulikuwa na mtu amekaa njiani.

Shangazi yako,
'Malikeleli


Welkom
17 Aprili 2016

Shangazi,

Ulichosema kilitokea. Baba alinifundisha kumezea chooni. Choo ni cha nyumba nne. Usiku mmoja wa Februari kulikuwa na foleni, mtoto wa jirani anaharisha, na mimi nimesimama na kidonge kwenye kiganja mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho. Nikakitupa nikarudi kulala. Kesho yake nikafikiria nikasema basi.

Tulikuwa mezani, ugali na mboga. Nikaitoa chupa nikaiweka kando ya sahani.

Baba akasema, "Tefo, kula kwanza."

Puseletso akasema, "Hicho nini?"

"Dawa, Mama."

"Dawa ya nini? Unaumwa?"

Baba alikuwa anakata ugali wake vipande vidogovidogo kama wa kulisha vifaranga.

"Ya virusi vya Ukimwi. Nilizaliwa navyo."

Nikameza. Puseletso akaweka kijiko chini. Mimi hakunitazama. Akamgeukia Baba, akasema polepole, "Mosiuoa. Mtoto alizaliwa navyo."

Baba akaendelea kukata ugali.

"Mosiuoa, mimi nakusemesha."

Baba akanyanyuka. Nilidhani anatoka nje. Akaingia chumbani, nikasikia anavuta buti zake za kazi chini ya kitanda, akarudi na chupa yake akaiweka mezani karibu na yangu. Vidonge vikalia ndani ya plastiki. Akasema, "Karanga," kisha akaanza kulia. Puseletso hakuelewa. Mimi nilielewa, alikuwa amenisimulia.

Puseletso hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Asubuhi, siku ya Jumanne, akavaa kofia yake ya kanisani, akamwambia Baba, "Leo huendi kazini. Unanisindikiza." Wakaondoka, yeye mbele, Baba nyuma hatua kumi.

Majibu yake ni yake, sitakuandikia. Hajaondoka. Anapika. Hamsemeshi Baba mpaka leo, kama anataka chumvi ananiambia mimi nimwambie. Juzi aliniuliza kama dawa hizi zinataka tumbo lenye chakula au tupu, nikamweleza nilivyoelezwa.

Yangu yametoka jana. Mashine haikuviona. Dawa ni zilezile, sibadilishiwi. Daktari alinipa mkono. Nakuambia kwa sababu nimetaka. Hasira bado ninayo, haijapungua sana, nitakuja nayo mwezi wa sita kwenye mavuno, na nikija nitakwenda kwanza kwa Lebaka.

Chupa zinakaa mezani, karibu na sukari. Baba kila akitoka zamu anaichukua yake na kuirudisha ndani ya buti. Mimi kila nikirudi naitoa.

Tefo